Hewa Haba na Misuli ya Pumzi katika Mji wa Shaba

Katika mji wa Lubumbashi, uliojengwa juu ya uwanda wa Katanga kwenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, wako watu wengi ambao, wabanwapo na kifua, na hasa wakiwa ni wageni waliotoka Matadi au Dar es Salaam, huutupia lawama uwanda wenyewe, wakasema kwamba hewa yake ni nyepesi, kwamba oksijeni yake ni haba, na kwamba uhaba huo ndio uzikazao njia za pumzi. Shutuma hii imevaa joho la elimu, na kwa hiyo yastahili kupimwa kwa mizani ya elimu hiyo hiyo. Hukumu yangu naitanguliza, ili msomaji ajue tuendako: uchache wa oksijeni, ukiugusa msuli wa njia za hewa moja kwa moja, haukazi bali huulegeza, ukipitia kwenye mishipa ya fahamu, huukaza, ukidumu siku nyingi, waweza kuunenepesha, na uwanda wetu, kwa kimo chake peke yake, hauna uhaba wa kutosha kumfanyia mtu mwenye siha njema lolote katika hayo matatu. Vitubanavyo ni vingine, na baadhi yake tumeviwasha kwa mikono yetu.

Msuli tuuzungumzao si kama ule wa mkono au wa paja, ambao hutii amri ya nia, bali ni msuli laini, uliozizunguka njia za hewa tangu koromeo la pumzi hadi kwenye matawi madogo kabisa yaliyo jirani na vifuko vya mapafu, nao hufanya kazi yake usiku na mchana bila ya mwenyewe kuwa na habari. Neva ya vagasi, iteremkayo kutoka kwenye ubongo, humwaga juu yake asetilikolini. Asetilikolini hushika vipokezi vya seli. Kalisi hupanda ndani ya seli, na nyuzi zake zikavutana. Njia ya hewa ikapungua upenyo. Na upenyo huu si jambo la kupuuzwa, kwani kwa kanuni ya mirija myembamba, upenyo ukipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa ipitayo kwa utulivu huongezeka mara 16. Ndiyo sababu mkazo mdogo, ambao jicho lisingeutambua, humfanya mgonjwa wa pumu akae kitako usiku kucha ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka.

Na tuanze na uwanda, ambao ndio mshitakiwa. Kanieneo ya hewa katika pwani ni milimita 760 za zebaki, na katika Lubumbashi ni takriban 660. Fungu la oksijeni ni lile lile kila mahali, yaani asilimia 21. Kilichopungua ni msukumo. Tukiutoa mvuke wa maji ambao pua na koo huuongeza katika kila pumzi, oksijeni imfikiayo mtu wa Dar es Salaam ina msukumo wa milimita 150, na imfikiayo mtu wa Lubumbashi ina kama 129, maana yake pungufu ya sehemu moja katika saba. Lakini hemoglobini ya damu imeumbwa kwa namna ambayo upungufu wa kadiri hiyo hauitishi: mtu mzima mwenye mapafu salama, akipimwa katika mtaa wa Kenya au wa Katuba, damu yake hukutwa imejaa oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi. Ili kuuona uhaba wa kweli ni lazima mtu apande juu zaidi sana, tuseme mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako msukumo wa oksijeni aivutayo haufiki nusu ya ule wa pwani. Kati ya sisi na kilele hicho pana masafa marefu, na asiyeyapima masafa hayo hana haki ya kulinganisha.

Sasa tuuendee msuli wenyewe. Katika maabara, kipande cha njia ya hewa ya nguruwe kilichopatikana machinjioni hukatwa kikawa ukanda mwembamba, kikatundikwa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya chumvi ya joto la digrii 37, ncha ya chini imefungwa imara na ya juu imeungwa na kipimo cha mvuto, huku maji yakipulizwa mapovu ya oksijeni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi asilimia 5. Hutiwa tone la dawa ifananayo na asetilikolini, na ule mstari wa mvuto, uliokuwa umelala, hupanda ukasimama juu na kutulia. Ndipo mtafiti anapobadilisha mtungi: oksijeni huondolewa, naitrojeni ikashika nafasi yake, na kabonidayoksaidi ikaachwa vile vile ili uchachu wa maji usibadilike. Zikipita dakika chache, mstari huanza kushuka. Dawa bado imo majini, vipokezi bado vimeshikwa, lakini msuli umelegea; na oksijeni irudishwapo, aghalabu mvuto nao hurudi.

Jambo hili si geni. Huko Winnipeg, nchini Kanada, Newman Stephens na mwenzake Kroeger walikuwa wameandika tangu mwaka 1970 juu ya taathira ya uhaba wa oksijeni katika msuli huu, na katika miaka ya 1990 kundi la Carol Hirshman la Baltimore likaeleza sababu yake kwa undani. Mtu angedhani kwamba msuli hulegea kwa kukosa chakula, kama moto uishiwapo kuni, kumbe sivyo. Msuli laini huweza kujikimu kwa kuivunja sukari bila oksijeni kwa muda, na kulegea kwake hutangulia njaa hiyo. Kinachotokea ni kwamba milango ya kalisi iliyo katika utando wa seli hujifunga oksijeni ipunguapo, kalisi ya nje haingii kwa wingi, na mvuto hupotea kwa kukosa mchochezi wake.

Ajabu zaidi ni kwamba jirani wa msuli huu, yaani msuli wa mishipa ya damu ya mapafu, hufanya kinyume kabisa. Mwaka 1946 Ulf von Euler na Göran Liljestrand, katika mji wa Stockholm, waliwapa paka hewa yenye oksijeni kidogo wakaona kanieneo ya damu katika mishipa ya mapafu inapanda, kwa kuwa mishipa hiyo hujikaza. Misuli miwili ya asili moja, katika kiungo kimoja, yasikia habari moja na kujibu majibu mawili. Lakini mtu akitafakari ataiona hekima iliyomo: sehemu ya pafu iliyokosa hewa hunyimwa damu ili damu isipite bure, na wakati huo huo njia ya hewa ya sehemu hiyo hulegezwa ili hewa ipate kuingia. Fauka ya hayo, John Severinghaus na wenzake walibainisha mwaka 1961 kwamba sehemu iliyokosa damu, ambayo kwa hiyo haipati kabonidayoksaidi, njia zake za hewa hujikaza, ili hewa isipotee mahali pasipo na damu ya kuipokea. Damu huifuata hewa, na hewa huifuata damu.

Hata hivyo yapasa tusichukuliwe na uzuri wa majaribio tukasahau mipaka yake. Ule ukanda wa nguruwe umelazwa katika maji yaliyokaribia kuwa hayana oksijeni kabisa, ilhali msuli ulio hai hulishwa kutoka pande mbili, kwa hewa ipitayo ndani ya njia na kwa damu iletwayo na mishipa ya njia hizo. Mtu apumuapo katika Lubumbashi, ukuta wa njia zake kubwa waogeshwa na oksijeni yenye msukumo wa milimita zaidi ya 100 katika kila pumzi. Huo si uhaba wa maabara, wala haufanani nao. Basi kama uwanda haumlegezi mtu wala haumkazi, hiyo ndiyo sababu yake.

Vipi tena uhaba ukaze? Jibu limo shingoni. Pale ambapo mshipa mkuu wa damu ya kichwa hugawanyika, pana vijitezi vidogo, kila kimoja hakizidi punje ya mchele, ambavyo kazi yake ni kuionja damu. Corneille Heymans wa Chuo Kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, dola iliyokuwa ikiitawala Kongo siku hizo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonesha jinsi vionjaji vya mahali hapa na vya kwenye mshipa mkuu wa moyo vinavyoamrisha upumuaji. Damu ikipungukiwa na oksijeni, vijitezi hivi hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huharakisha pumzi. Ila pamoja na amri hiyo huteremka amri nyingine kwa njia ya vagasi, ambayo huzikaza njia za hewa. Mwaka 1962 Jay Nadel na John Widdicombe waliwachukua mbwa, wakapunguza oksijeni ya damu yao, wakaona koromeo la pumzi linasinyaa na ukinzani wa mapafu unaongezeka. Neva za vagasi zilipokatwa, mkazo ule haukuonekana tena. Hapo hoja ilikamilika: seli ikiachwa peke yake hulegea, kiwiliwili kizima hukaza, na tafauti baina ya hali hizo mbili ni neva moja.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mkazo huu ni hafifu hata haupimiki kwa urahisi. Kwa mgonjwa wa pumu mambo ni mengine. Watafiti wa Ufaransa mwaka 1988, na wa Glasgow katika miaka ya 1990, waliwapa wagonjwa wa pumu methakolini, dawa ipimayo wepesi wa njia za hewa kujikaza, wakakuta kwamba wagonjwa hao wakivuta hewa yenye oksijeni kidogo, njia zao hujikaza kwa kipimo kidogo zaidi cha dawa hiyo. Yako majaribio mengine ambayo hayakuiona ziada hiyo, na sababu ya hitilafu, kwa maoni yangu, ni kwamba apumuaye kwa haraka hupoteza kabonidayoksaidi, na upotevu huo peke yake, kama tulivyoona, huzikaza njia. Asiyeishika kabonidayoksaidi isimpotee hajui anapima nini.

Liko jambo jingine ambalo naliona ni zito kuliko haya. Watafiti wa Adelaide, Australia, mwaka 2004 walionesha kwamba mgonjwa wa pumu akiwa na oksijeni kidogo katika damu, hisia yake ya kubanwa hupungua. Uhaba huifisha hisia ya uhaba. Mgonjwa anayesema ameanza kupata nafuu huku midomo yake ikigeuka rangi, yule mama aliyenyamaza baada ya kuhangaika tangu jioni, jamaa wakashukuru kwamba amepata usingizi, huenda ndiye aliye karibu na hatari kuliko mwanawe anayelia kwa sauti. Jambo hili kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu yapaswa kulijua kabla ya kujua jina la dawa.

Tukitoka kwenye saa tukaenda kwenye miezi na miaka, twakutana na mambo ya aina nyingine. Katika kila seli ya mwili imo protini iitwayo HIF, ambayo hutengenezwa bila kukoma na kuvunjwa bila kukoma, kwa kuwa viko vimeng'enya ambavyo, vikisaidiwa na chuma na oksijeni, huitia alama ya kuvunjwa. Oksijeni ikikosekana alama haitiwi, HIF huponea, huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni za kuvumilia ukame wa hewa: za kutengeneza damu, za kuotesha mishipa midogo, za kuzidisha seli. Kwa ugunduzi huu Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Seli za msuli laini wa njia za hewa, zikikuzwa katika hewa haba, zimeonekana kuongezeka. Na katika pumu ya muda mrefu, ukuta wa njia ukiwa umevimba na kunenepa, tabaka zake za ndani zaweza kupungukiwa na oksijeni hata kama mwenyewe anaishi ufukweni Mombasa. Msuli ulionenepa, ukikaza, hukaza kwa nguvu zaidi.

Na hapa ndipo Katanga inapoingia katika kadhia hii, si kwa kimo chake bali kwa udongo wake. Kobalti, madini ambayo zaidi ya thuluthi mbili ya yale yachimbwayo duniani hutoka Kongo, na karibu yote kutoka Katanga ya zamani, ina tabia ya kushika nafasi ya chuma katika vile vimeng'enya na kuvizima. Seli iliyotiwa kobalti hudhani kwamba oksijeni imekwisha, ingawa imejaa tele. HIF haivunjwi, na jeni za uhaba huamka. Ndiyo maana watafiti wa dunia nzima, wanapotaka kuiga uhaba wa oksijeni bila taabu ya kuondoa hewa, humimina kloridi ya kobalti katika sahani zao. Na katikati ya karne ya 20 wako matabibu waliowapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi za kobalti, kwa sababu ule udanganyifu huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitangaza kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini katika Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Je, kobalti hiyo huidanganya misuli ya njia zao za pumzi? Kipimo kitumiwacho katika sahani za maabara ni kikubwa mno kuliko kile kipatikanacho katika damu ya mkazi wa kawaida, na mwenye insafu hataruka kutoka hiki hadi kile. Lakini vumbi livutwalo huangukia kwenye ukuta wa njia za hewa kabla halijafika kwenye damu, na kwamba kobalti huleta pumu kwa wafanyakazi ni jambo lililothibitishwa zamani, hata miongoni mwa wasuguaji wa almasi wa Ubelgiji waliotumia visahani vyenye madini hayo. Kwa hiyo naona ni wajibu wa maabara za hapa, zilizo karibu na jambo lenyewe kuliko nyingine zote, kulipima vumbi lituamalo katika njia za pumzi, na zisiishie kwenye mkojo.

Turejee nyumbani. Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya digrii 10, na familia nyingi, baada ya kupika bukari, yaani ugali, huingiza chumbani mbabula, yaani jiko la makaa, makala (makaa) yakiwa yameshika wekundu bila moshi, wakafunga dirisha, wakaziba na uwazi wa chini ya mlango kwa kipande cha gunia. Makala yasiyotoa moshi hutoa kabonimonoksaidi, ambayo huishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huu ni uhaba wa oksijeni ulio wa kweli kuliko ule wa uwanda, nao una hila: vile vijitezi vya shingoni huonja msukumo wa oksijeni iliyoyeyuka katika damu, na msukumo huo haujapungua; basi havipigi kelele, pumzi haiendi mbio, vagasi haiamrishwi, kifua hakibani. Kichwa huuma, na usingizi huwa mzito. Anayeingoja pumu imwamshe katika chumba kama hicho hataamshwa. Kuni mbichi, kwa upande wake, hutoa moshi wenye chembe na asidi ziwashazo njia za hewa, nazo ndizo zinazokaza.

Vivyo hivyo kuhusu kiberiti, yaani salfa. Tangu kiwanda cha kampuni ya madini ya Union Minière kilipotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuasisiwa kwa jina la Elisabethville, moshi wa madini yenye salfa ulipeperushwa na pepo za kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, ukaua miti ya miombo kwa miongo mingi hata upande huo wa mji ukabaki na udongo mtupu. Gesi ya salfadayoksaidi huwakaza wenye pumu ndani ya dakika chache tu, na kwa kiasi kikubwa hupitia ile ile neva ya vagasi. Mtu aliyelelewa katika mtaa wa Kamalondo zama hizo akisema hewa ya mji ilimbana, alisema kweli; ila hakubanwa na kilichopungua hewani, alibanwa na kilichozidi.

Wachimbaji wadogo ndio walio na haki ya kuulalamikia uhaba wenyewe. Katika mashimo membamba wanamofuata malakiti na heterojenaiti, yaani madini ya shaba na ya kobalti, pumzi za watu na miali ya mishumaa hula oksijeni, kabonidayoksaidi hujikusanya chini kwa uzito wake, na feni iliyoungwa na mpira wa plastiki ikizimika juu, waliopo chini hawana muda mrefu. Huko swali la msuli kukaza au kulegea halina nafasi. Mtu huanguka kabla ya msuli kuamua.

Limebaki suala la tiba. Mgonjwa aliyebanwa vikali na pumu, njia zake zikiwa zimezibwa kwa mkazo na makohozi, damu yake hupungukiwa na oksijeni, na upungufu huo kwa njia ya shingo na vagasi waweza kuongeza mkazo uliouleta. Salbutamoli huulegeza msuli, lakini pia huilegeza mishipa ya mapafu iliyokuwa imejikaza kwa hekima, damu ikamiminika kwenye sehemu zisizo na hewa, na oksijeni yaweza kushuka zaidi kwa muda katika dakika za mwanzo. Kwa hiyo, panapo uwezo, dawa ya mvuke isukumwe kwa oksijeni wala isisukumwe kwa hewa tupu, na katika pumu kali iongezwe ipratropiamu, ambayo hukizuia kipokezi cha asetilikolini, yaani hukata njia ile ile ambayo Nadel na Widdicombe waliikata kwa kisu. Oksijeni nayo isimwagwe bila kipimo: kwa mtu mzima lengo ni kujaa asilimia 93 hadi 95, na kwa mtoto 94 hadi 98. Na kipimo chenyewe kiangaliwe kwa hadhari, kwani chombo kile cha kubana kidole huisoma kabonimonoksaidi kama kwamba ni oksijeni, na uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulibainisha kwamba upungufu uliofichika, ambao chombo hakikuuona, ulipatikana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Hapa Lubumbashi, ambako karibu wagonjwa wote ni weusi na wengi wao hulala karibu na makala, asilimia 94 iliyoandikwa kwenye kioo si ruhusa ya kumrudisha mgonjwa nyumbani ikiwa bado hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Na kwa kuwa mashine ya kuchuja oksijeni husimama umeme ukatikapo, mtungi uliojaa uwekwe kando ya kitanda tangu mapema, ukiwa na kipimo chake na ufunguo wake.